Klabu ya soka inahitaji aplikesheni yake? Inategemea ina nini cha kuweka ndani

Kila klabu kubwa inapotangaza kuwa inaleta aplikesheni ya mashabiki, ubishi ule ule unarudi vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp. Kuna wanaosema klabu ya hadhi ya Simba au Yanga haiwezi kukaa bila aplikesheni ya maana, kwa sababu Manchester United wanayo na Al Ahly wanayo. Kuna wanaouliza ya nini, wakati habari za usajili tunazisoma Instagram kabla msemaji wa klabu hajashika kipaza sauti. Na kuna kundi la tatu linaloamini kwamba ikija itaondoa kero zote kwa mpigo: jezi feki, walanguzi wa tiketi, ada zisizolipwa, hata chaguzi zenye malalamiko.

Makundi yote matatu yana hoja, ila kila moja lina picha yake kichwani. Tutenganishe vitu kwanza, halafu tutazame klabu zetu zina nini mkononi na nini hazina. Ukishajua hilo, swali la aplikesheni linajibika kirahisi zaidi kuliko linavyoonekana.

Tunazungumzia kitu gani

Aplikesheni ni programu unayoipakua kutoka duka la mtandaoni, Play Store kama unatumia Android au App Store kama una iPhone, ikakaa ndani ya simu na kuchukua nafasi yake kwenye memori. Inaweza kukukumbuka wewe ni nani, ikatunza tiketi yako hata pasipo mtandao, na ikakutumia arifa, yaani ule ujumbe mfupi unaochomoza juu ya skrini hata kama hujaifungua.

Tovuti unaifungua kwa kivinjari, unasoma, unatoka, na haikuachii mzigo. Siku hizi tovuti inaweza kutengenezwa kwa namna ambayo unaweka alama yake kwenye skrini, inafunguka kama aplikesheni na kupokea malipo, bila kupita duka lolote. Wengi wakiiona hawaitofautishi na aplikesheni, na wala hawana sababu ya kuhangaika kuitofautisha.

Kuna pia menyu ya nyota na reli, kama ile ya *150*00# ambayo mteja wa Vodacom anaitumia kwa M-Pesa. Haihitaji intaneti wala simu janja. Kiswaswadu kinaifungua sawasawa na simu ya milioni mbili.

Mwisho ni kurasa za mitandao ya kijamii: Instagram, Facebook, X, TikTok, chaneli za WhatsApp. Hapa klabu inaongea na watu wengi mno kwa gharama ndogo, lakini ukurasa si mali yake. Mwenye mtandao ndiye anayeamua nani aone nini na saa ngapi, na ndiye anayebaki na taarifa za waliotazama.

Sasa fikiria wakala wa pesa mtaani kwako. Kibanda kinaweza kupakwa rangi mpya, kikawekewa bango na mwamvuli, na kijana aliyemo ndani akawa na adabu zote. Ukifika kutoa laki mbili ukaambiwa floti imeisha, unageuka na kwenda kwa wakala mwingine, na kesho hupiti tena pale. Aplikesheni ni kibanda. Floti ni kile unachokipata ukiingia: tiketi, kadi, jezi, mechi, kura. Watu hawajazi memori ya simu kwa sababu ya rangi za klabu waipendayo, hata kama wanaipenda kufa. Wanaijaza kwa sababu kuna jambo hawawezi kulifanya pengine, au kulifanya pengine ni usumbufu.

Ushahidi upo wazi. Waliokwenda Qatar kwa Kombe la Dunia 2022 walipakua Hayya, na waliokwenda Morocco kwa AFCON 2025 walipakua Yalla. Hakuna aliyezipakua kwa mapenzi. Kitambulisho cha shabiki kilipitia humo, na bila kitambulisho hicho huingii uwanjani.

Mechi, tiketi na jezi

Ukimuuliza shabiki wa Dar es Salaam, Mwanza au Kigoma anataka nini kwa klabu yake, majibu yanazunguka mambo matatu: kuona mechi, kupata tiketi bila kusukumana, kupata jezi halisi. Hapa ndipo mjadala wetu mara nyingi unakosea njia. Kwa utaratibu wa soka la Tanzania, mambo hayo yote matatu kwa sehemu kubwa hayamo mikononi mwa klabu.

Tuanze na mechi. Mwezi Mei 2021 TFF, shirikisho la soka la nchi, ilisaini na Azam Media mkataba wa haki za matangazo ya televisheni ya Ligi Kuu, wa miaka 10, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Klabu zinapata mgawo wa fedha hizo, na kwa klabu ndogo mgawo huo ni muhimu sana. Lakini maana yake ni kwamba Simba haiwezi kuonyesha mbashara mechi yake na Yanga ndani ya aplikesheni yake. Haki si yake kuuza. Anayetaka kuitazama kwenye simu anakwenda kwenye aplikesheni ya Azam. Mechi za Ligi ya Mabingwa Afrika na Kombe la Shirikisho nazo, haki zake ziko CAF, shirikisho la soka la Afrika. Kinachobaki kwa klabu ni mazoezi, mahojiano, baadhi ya mechi za kirafiki, timu za vijana, na historia yake. Si haba, na kwa mtu anayejua kusimulia ni hazina kubwa, ila haiwezi kulinganishwa na dakika 90 za Kariakoo Derby.

Tiketi je? Uwanja wa Benjamin Mkapa ni mali ya serikali, na unachukua watu 60,000. Tiketi zake zimekuwa zikipita kwenye mfumo wa N-Card, unaosimamiwa na Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data. Ni kadi ile ile ambayo mkazi wa Kigamboni anaigusisha kwenye mashine akivuka kwa kivuko. Unanunua kadi, unalipia mechi kwa pesa ya simu, unachagua jukwaa la mzunguko au VIP, malipo yanaingia kwenye namba ya kadi yako, na getini unagusisha unapita. Klabu ikitaka kuuza tiketi ndani ya aplikesheni yake, ni lazima programu hizo mbili ziunganishwe, na makubaliano hayo yanahitaji taasisi nyingine ikubali. Klabu isipoyapata, kitufe cha "Nunua Tiketi" kitakuwa kinakurusha tu kwenye ukurasa wa mtu mwingine.

Nigusie walanguzi, kwa sababu hili ndilo tumaini ambalo watu wengi wanaliweka kwenye aplikesheni. Ulanguzi hauondoki kwa tiketi kuhamia kwenye simu. Mtu mwenye laini kumi anaweza kununua tiketi kumi akiwa amekaa kitandani. Unaopunguza ulanguzi ni utaratibu: tiketi iwe na jina la mtu au namba ya kadi yake, kiwango cha kununua kiwekewe kikomo, asiyeweza kwenda awe na njia halali ya kuirudisha, na getini kuwe na mashine za kutosha zinazofanya kazi. Hayo yakiwepo, hata kadi ya plastiki inatosha. Yasipokuwepo, aplikesheni ya mabilioni haisaidii.

Jezi nayo ina njia yake. Klabu zetu kubwa zimekuwa zikiuza haki ya kutengeneza na kusambaza jezi kwa mzabuni mmoja kwa kipindi maalumu. Simba iliwahi kufanya hivyo na Vunjabei mwaka 2021, kisha Sandaland mwaka 2023, na Yanga imekuwa na GSM. Mzabuni ndiye mwenye mzigo ghalani, ndiye anayejua saizi ya XL imebaki wapi. Aplikesheni ya klabu ikipokea oda bila kuona ghala la mzabuni, shabiki atalipia leo kisha aambiwe wiki ijayo kwamba zimeisha. Kwenye msimu wa Simba Day au Wiki ya Mwananchi, sherehe za klabu hizo za kufungua msimu, jezi zinapogombaniwa, kosa hilo moja linaweza kuchafua jina la klabu kwa mwaka mzima.

Kwa nini Ulaya inafanya kazi

"Ulaya wote wanazo" ni kweli, lakini tutazame kilichomo ndani. Anfield inaingiza watu wapatao 61,000, karibu sawa na Mkapa. Tofauti ni kwamba uwanja ni wa Liverpool, mfumo wa tiketi unaamuliwa na Liverpool, na orodha ya wanachama wanaosubiri tiketi inatunzwa na Liverpool. Walipohamishia tiketi kwenye simu msimu wa 2021/22, walikuwa tayari wanamjua kila aliyekalia kiti. Na tazama walichofanya: pasi ya kuingilia inakaa kwenye pochi ya kidijitali iliyokuja na simu yenyewe, ile ya Apple au ya Google, na getini unaigusisha kama kadi ya benki. Hata wao, sehemu nyeti kuliko zote hawakuifungia ndani ya aplikesheni ya klabu peke yake.

Manchester United walipozindua aplikesheni yao mwaka 2018 walikuwa na televisheni yao ya klabu, MUTV, iliyoanza miaka ya 1990. Barcelona ina wanachama zaidi ya 100,000 wanaolipa ada na kumchagua rais. Na kwa wanaodhani aplikesheni italeta kura za kidijitali kesho asubuhi: uchaguzi wa Barcelona wa Machi 2021, uliomrudisha Joan Laporta katikati ya janga la UVIKO-19, ulifanyika kwa masanduku ya kura na kwa barua za posta. Klabu yenye uwezo wote ule haikuharakisha kuhamishia kura kwenye simu, kwa sababu kura inahitaji uhakika wa nani kapiga, na uhakika huo unatoka kwenye daftari la wanachama.

Kilicho cha klabu peke yake

Sasa tumefika penye kiini. Ukiondoa mechi, tiketi na jezi, klabu inabaki na kitu kimoja ambacho hakuna TFF, kituo cha televisheni wala mzabuni anayeweza kudai ni chake: watu wake. Simba na Yanga ni klabu za wanachama tangu miaka ya 1930. Hata mabadiliko ya uendeshaji ambayo wanachama wa Simba waliyapitisha mwaka 2017 na wa Yanga mwaka 2021 yamejengwa juu ya hesabu ya asilimia 51 ya hisa kwa wanachama na 49 kwa wawekezaji. Klabu isiyojua wanachama wake ni akina nani, wako tawi gani na nani amelipa ada ya mwaka huu, haiwezi kusema kwa uhakika ile 51 ni ya nani.

Kwa miaka mingi orodha hiyo imekaa matawini, kwenye madaftari ya makatibu. Wengine wameyatunza vizuri mno, kwa mwandiko safi na risiti zilizobanwa nyuma. Wengine wamefariki au wamehama na daftari halijulikani liliko. Kuna wanachama wenye kadi mbili, kuna majina yaliyoandikwa kwa namna tatu, kuna namba za simu za mitandao isiyokuwepo tena. Kusafisha orodha hiyo ni kazi ya kuchosha isiyopigiwa tarumbeta, na ndiyo kazi yenye thamani kuliko uzinduzi wowote hotelini.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya wafuasi na mashabiki wanaojulikana. Klabu ikiwa na wafuasi milioni kadhaa Instagram, watu wanapiga hesabu ya haraka: kila mmoja akitoa elfu moja, tunapata bilioni kadhaa. Lakini mfuasi ni mtu aliyebonyeza kitufe mara moja. Anaweza kuwa Lubumbashi au Muscat, anaweza kuwa mpinzani anayekuja kutania, anaweza kuwa akaunti ya bandia. Klabu haina namba yake ya simu wala haijui kama amewahi kununua chochote. Mdhamini anayekuja mezani akiuliza, "Una mashabiki wangapi Arusha wenye umri wa miaka 18 hadi 30?", klabu yenye wafuasi tu haina jibu. Klabu yenye daftari inalo.

Kuna na hatari ya kuweka kila kitu kwenye uwanja wa mwingine. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja dunia nzima kwa takriban saa sita. Mwezi Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa Tanzania, na taasisi nyingi zilizoutegemea zikajikuta zinaongea na watu wanaolazimika kutafuta njia za pembeni. Klabu yenye namba za simu za wanachama wake, ikiwa wameridhia kutumiwa ujumbe, inaweza kuwafikia kwa SMS hata siku kama hizo. Orodha hiyo haihitaji aplikesheni ili iwepo.

Simu zilizo mikononi mwa mashabiki

Tuangalie simu moja kwa karibu. Ni Android ya bei ya kawaida, memori GB 32, zaidi ya nusu imeliwa na mfumo wenyewe na video za WhatsApp. Mwenyewe ana bando la siku. Anasikia klabu imeleta aplikesheni, anafuta picha kadhaa kupata nafasi, anapakua MB 60. Anaifungua, inamtaka barua pepe. Aliyemuuzia simu ndiye aliyemfungulia barua pepe, neno la siri halikumbuki. Anajaribu namba ya simu, anasubiri tarakimu za uthibitisho, zinakuja baada ya muda wake kwisha. Anarudia. Anaingia hatimaye, anakuta habari ya jana aliyoisoma jana. Anabonyeza tiketi, anarushwa kwenye ukurasa mwingine. Anabonyeza duka, linaandika "Inakuja hivi karibuni". Ijumaa memori ikijaa tena, cha kwanza kufutwa anakijua.

Huyo si shabiki mbaya. Ametoa bando lake na muda wake, klabu haikumpa kitu. Na huyo ana simu janja. Yupo mzee wa Tanga anayefuatilia Coastal Union tangu kabla haijatwaa ubingwa wa 1988, mwenye kitochi na redio. Yupo mama muuza samaki wa Feri ambaye analipia ada kwa M-Pesa bila tabu yoyote ila hajawahi kupakua kitu dukani. Klabu ikisema kuanzia sasa uanachama ni kwa aplikesheni tu, inawatoa nje hao waliobaki nayo kwenye shida zote. Menyu ya nyota na reli, au hata Lipa Namba yenye jina la klabu na namba ya kadi kama kumbukumbu ya malipo, inawafikia wote.

Upande wa pili wapo mashabiki ambao intaneti ndiyo njia yao pekee: walio Oman, Dubai, Marekani, Uingereza. Wengi wao hawana laini ya nyumbani iliyo hai, na wangependa kulipa ada na kununua jezi kwa kadi ya benki. Kwao tovuti nzuri inayopokea kadi na kutuma mzigo nje ya nchi ni msaada mkubwa, na kwa maoni yangu ni kundi ambalo klabu zetu zimelichelewesha mno.

Gharama isiyoonekana

Wengi wanadhani gharama ni ile ya kutengeneza, ukishamaliza umemaliza. Kufungua akaunti ya kuweka aplikesheni dukani ni jambo dogo: Google inatoza dola 25 mara moja, Apple dola 99 kila mwaka. Fedha zinakwenda kwingine. Google na Apple hubadilisha mifumo ya simu kila mwaka, na aplikesheni isiyosasishwa huanza kugoma kwenye simu mpya, mwishowe hata dukani watu wenye simu hizo hawaioni. Kuna seva za kulipia kila mwezi, zinazotakiwa kuhimili siku ya derby na si Jumanne ya kawaida. Kuna mtu wa kujibu malalamiko ya aliyelipa na hakupata. Kuna mwandishi wa kuweka habari kila siku. Klabu iliyopanga bajeti ya uzinduzi bila bajeti ya miaka mitatu ya kuitunza imepanga nusu ya kazi.

Lipo pia suala la makato. Ukiuza bidhaa ya kidijitali ndani ya aplikesheni, kwa mfano usajili wa kila mwezi wa kutazama video, maduka haya kwa miaka mingi yamekuwa yakikata kati ya asilimia 15 na 30. Jezi na tiketi za uwanjani haziguswi na makato hayo. Kwa hiyo anayepanga mapato ya video pekee aanze hesabu akiwa ameshayatoa.

Kwa klabu nyingi, basi, jibu langu ni hapana, kwa sasa. Mashujaa ya Kigoma, Pamba Jiji ya Mwanza, Namungo, au kule Kenya Shabana ya Kisii, zinahitaji kwanza chaneli ya WhatsApp inayosema ukweli na kwa wakati, tovuti nyepesi inayofunguka kwa bando dogo yenye ratiba, bei za tiketi na mahali jezi zinapouzwa, namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la klabu na si la kiongozi, na orodha safi ya wanachama. Ni mambo ya gharama ndogo, na yote yanaweza kuanza ndani ya msimu mmoja.

Simba, Yanga, na Gor Mahia na AFC Leopards za Kenya ziko mahali tofauti, zina watu wa kutosha. Kwao ningesema ndiyo, kwa mpangilio huu: kwanza daftari la wanachama, pili menyu ya malipo, tatu makubaliano ya tiketi na ya mzabuni wa jezi, na mwisho aplikesheni, ikiwa inayakusanya yote hayo mahali pamoja. Mashabiki wa Kenya, Tanzania na Uganda wanaelekea AFCON 2027, na kuna uwezekano mkubwa watazoea tiketi za simu kutokana na mashindano hayo. Klabu iliyokwisha kupanga orodha yake itavuna mazoea hayo.

Tokeni, kubeti na taarifa zako

Kuna aina moja ya aplikesheni inayochanganywa na ya klabu, nayo ni ile ya tokeni za mashabiki. Mwaka 2020 Barcelona, kupitia kampuni ya Socios, iliuza tokeni 600,000 kwa euro 2 kila moja, zikaisha chini ya saa mbili. Wenye tokeni walipiga kura kuchagua mchoro wa kupamba chumba cha kubadilishia nguo. Tokeni hiyo si hisa wala kadi ya uanachama. Haikupi sauti kwenye mkutano mkuu, na bei yake hupanda na kushuka sokoni kama sarafu nyingine za mtandaoni. Ikija huku kwetu kwa jina lolote, shabiki aijue kwa sura hiyo kabla hajatoa shilingi.

La kubeti linanigusa zaidi. Kwa miaka ya karibuni wadhamini wakuu wa Simba na Yanga wamekuwa kampuni za kubashiri, na aplikesheni ya klabu itapakuliwa na watoto wa shule wanaompenda mshambuliaji wao. Arifa inayomwambia mtoto wa miaka 13 aweke mkeka kabla ya mechi haiwezi kuhalalishwa na mkataba wowote wa udhamini. Aplikesheni iulize umri, na matangazo hayo yasimfikie aliye chini ya miaka 18.

Kuhusu taarifa, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyopitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Kenya na Uganda zilipitisha za kwao mwaka 2019. Klabu inayokusanya jina lako, namba ya simu na ya kitambulisho inawajibika kukueleza inazitaka kwa kazi gani, na hairuhusiwi kukulazimisha utoe zaidi ya kinachohitajika kwa kazi hiyo. Aplikesheni ya habari za mpira ikiomba kusoma majina yote kwenye simu yako, ikatalie. Na usipakue aplikesheni ya klabu kutoka kwenye faili lililotumwa kwenye grupu, hata kama lina nembo sahihi. Ingia dukani, au fuata kiungo kilicho kwenye ukurasa rasmi.

Lililo muhimu kuliko yote katika eneo hili halionekani kwenye skrini kabisa, liko kwenye mkataba. Mara nyingi klabu haitengenezi aplikesheni yenyewe. Inakuja kampuni na kusema itatengeneza bure au kwa bei nafuu, kisha mapato yagawanywe. Si vibaya, ikiwa mkataba unasema waziwazi kwamba orodha ya wanachama na mashabiki ni mali ya klabu, inakabidhiwa yote mkataba ukiisha, na kampuni haibaki na nakala ya kuuzia wengine. Isiposemwa hivyo, klabu inaweza kutumia miaka mitatu kuhamasisha watu wake wajisajili, halafu ikaachana na kampuni ile na kuanza tena kuandika jina la kwanza. Mwanachama aliyelipia kadi yake ana haki ya kusimama kwenye mkutano mkuu na kuomba asomewe kifungu hicho kabla saini hazijawekwa.